Resini ya plastiki, silika au asidi ya chupa: kichocheo chako kikae juu ya nini?

Kila msimu wa projekti ukifika swali ni lilelile. Mtu anataka kutengeneza biodizeli ya alizeti, mwingine anataka esta za kunukia, mwingine ana paladiamu kidogo anatafuta pa kuishikiza, halafu wote wanauliza "kichocheo (kile kinachoharakisha riaksheni bila chenyewe kuisha) gani kina nguvu zaidi?" Kiukweli kwa kazi nyingi tunazofanya huku karibu vyote vina nguvu ya kutosha. Uliza hivi: hiki kitakufa kwa nini, na kikishakufa nitakifufua na nini nikiwa hapahapa Dodoma bila kuagiza kitu nje na kusubiri miezi? Ukilijibu hilo, uchaguzi wenyewe unakuwa mwepesi.

Wagombea ni watatu. Kuna asidi au kostiki inayoyeyuka moja kwa moja kwenye mchanganyiko, ile ya chupa, kila mtu anaijua. Kuna mawe: silika, alumina, zeolaiti, na humo nawaweka makaa amilifu pia ingawa siyo jiwe. Na kuna polima, plastiki za kutengenezwa, hasa resini, yaani vile vijishanga vya polistairini vya rangi ya asali au kahawia, punje moja haifiki milimita 1, ambavyo minyororo yake imefungwa pamoja na divinilibenzini ili visiyeyuke, halafu vikabandikwa vikundi vya asidi ya salfoniki. Wengi mmeshaviona bila kujua: ndo hivyohivyo vinajazwa kwenye mitungi ya kulainisha maji kwenye mahoteli na viwandani.

Na wala siyo kitu cha jana. Resini za kubadilishana ayoni zilitengenezwa na Adams na Holmes Uingereza mwaka 1935, hizi za polistairini zenye salfoniki zikapata hataza ya D'Alelio mwaka 1944. Halafu 1963 Bruce Merrifield akaonyesha unaweza kuning'iniza asidi amino ya kwanza kwenye punje ya polistairini, ukajenga peptidi juu yake hatua kwa hatua, kila hatua unaosha takataka na kuchuja tu. Alipewa Nobel ya kemia 1984 kwa kazi hiyo. Wanakemia wengine wakaona kama asidi amino inaning'inia basi hata kichocheo kitaning'inia, wakaanza kubandika fosfini, vikundi vyenye fosforasi, zinazoshika rodiamu na paladiamu. Leo viwanda vikubwa duniani vinatengeneza MTBE ya kuchanganya kwenye petroli kwa resini za asidi, bisfenoli A (malighafi ya plastiki ngumu) vilevile, na kuna mchakato unaoitwa Acetica unaotengeneza asidi asetiki kwa rodiamu iliyoshikwa kwenye resini ya polivinilipiridini. Kwa hiyo msimamizi akikwambia plastiki ni mchezo, mtajie hizo.

Haya, sasa tulinganishe.

Joto linaamua haraka kuliko vyote. Resini ya salfoniki ya kawaida, mfano Amberlyst 15, mwisho wake ni nyuzi 120 hivi. Ukipita hapo vikundi vya salfoniki vinaanza kuachia, asidi inaingia kwenye bidhaa yako, na wewe unadhani kichocheo bado kigumu kumbe umeshahamia kwenye asidi ya majimaji bila kujua. Resini za upande wa besi, zile zenye amoniamu za kwaternari zikiwa na hidroksaidi, ni dhaifu zaidi, nyingi mwisho nyuzi 60. Zeolaiti inakucheka: unaipeleka nyuzi 500, ikijaa masizi unayachoma kwa hewa, inarudi kazini. Polima huwezi kuichoma, utabaki na moshi na harufu mbaya na maswali kutoka kwa fundi wa maabara. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya gesi ya moto, au kichocheo kinachojaa masizi, usipoteze muda na plastiki, nenda kwenye mawe na usome makala nyingine.

Ila chini ya nyuzi 120, hapo ndo maneno yanapoanza.

Idadi ya sehemu za asidi: Amberlyst 15 inakupa milimoli 4.7 hivi kwa kila gramu kavu. Silika iliyobandikwa salfoniki kwa kawaida iko chini sana ya hapo. Na zeolaiti ina shida nyingine watu wanaisahau, vitundu vyake ni vidogo mno, chini ya nanomita 1, molekuli ya mafuta ya alizeti haipiti kabisa, inabaki inagusagusa ukuta wa nje. Nimeona mapendekezo ya projekti yanasema zeolaiti kwa biodizeli kwa sababu "ina eneo kubwa la uso", sawa, eneo lipo, ila lipo ndani ambako mafuta hayaingii.

Polima nazo zina mtego wao, na huu ndo unawakamata wengi. Zipo za aina mbili. Ya jeli ina divinilibenzini kidogo na haina vitundu vya kudumu, inafanya kazi ikivimba tu, kama maharage yaliyolowekwa. Ikiwa kavu au ndani ya kiyeyushi kisichoipenda inajifunga, na sehemu zote za asidi zilizo ndani zinakuwa hazina kazi. Ile ya vitundu vikubwa, ndo Amberlyst 15 na ndugu zake, imefungwa kwa divinilibenzini nyingi zaidi na vitundu vyake vinabaki wazi hata kiyeyushi kiwe cha aina gani. Sasa angalia: polistairini tupu kama ya Merrifield inavimba kwenye toluini na daiklorometheni, haivimbi kwenye maji wala methanoli. Ukiibandika salfoniki mambo yanageuka, inapenda maji na methanoli, haipendi mafuta. Silika haina hadithi hizi, haivimbi popote, iko vilevile kwenye heksani na kwenye maji, shida yake ni kwamba kwenye besi kali inayeyuka.

Hapa inakuja ile njia ya mkato ya watu wa projekti, kuchukua resini ya kulainisha maji. Inawezekana kabisa, na bei yake ni nafuu mno ukilinganisha na ya kuagiza yenye jina. Inakuja ikiwa na sodiamu, unaipanga kwenye kolamu au hata bureti kubwa yenye pamba chini, unapitisha asidi haidrokloriki ya 1 M kwa wingi taratibu, sodiamu inatoka, haidrojeni inaingia, unaosha mpaka maji yanayotoka hayageuzi litimasi, unakausha kwenye oveni chini ya nyuzi 100 na umepata kichocheo cha asidi. Ila nyingi ya hizo ni jeli. Kwa kutengeneza ethili asetati kutoka ethanoli na asidi asetiki itakufaa vizuri, molekuli ni ndogo na zinaivimbisha. Kwa mafuta ya alizeti yenyewe itakusumbua, mafuta hayaingii ndani. Ukisikia mtu anasema "resini hazifanyi kazi kwenye mafuta" muulize kwanza alitumia ya aina gani.

Halafu maji. Hili ndilo la kwetu hasa, vitabu vya nje haviliweki mbele kwa sababu wao wamezoea maji laini. Maji mengi ya visima ukanda huu ni magumu, angalia tu birika lako ndani. Kalsiamu na magnesiamu zinapenda resini kuliko haidrojeni inavyoipenda, zikipita zinakaa na hazitoki kwa kubembelezwa. Piga hesabu: tuseme maji yako yana ugumu wa miligramu 300 kwa lita kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti, hiyo ni miliekwivalenti (milimoli za chaji) 6 kwa lita. Gramu 10 za resini zina nafasi za miliekwivalenti 47. Ukiosha kwa lita 2 za maji ya bomba la namna hiyo umeshaua robo ya kichocheo kabla hujaanza kazi, na ukifika lita 8 hamna kitu, una shanga za kuchezea tu. Kwa hiyo maji ya mwisho ya kuoshea ni yaliyokenekwa, hakuna ujanja. Asidi ya chupa haina ugonjwa huu, na silika yenye paladiamu haijali pia. Silika ya salfoniki inajali, maana hata yenyewe asidi yake inabadilishana.

Kujua hali yake wala hauhitaji mashine. Pima nusu gramu ya resini kavu, weka kwenye mililita 50 za chumvi ya mezani 1 M, iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyokenekwa na siyo ya bomba, iache saa kadhaa ukitikisa kila mara, sodiamu inaingia haidrojeni inatoka. Tia fenolfthalini matone mawili, shusha kostiki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Resini nzima ya milimoli 4.7 itakula mililita 23 na nusu hivi kabla pinki haijakaa. Ukiona pinki imekaa kwenye 12 ujue nusu imekufa. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada ya kazi, jedwali hilo peke yake lina thamani kuliko picha za rangi za kwenye ripoti. Na kuifufua unairudisha kwenye asidi haidrokloriki. Usitumie salfuriki kama iliyoua ni kalsiamu, utatengeneza jasi ndani ya punje na hiyo haitoki tena.

Linganisha na kifo cha zeolaiti au silika ya salfoniki. Zeolaiti unaifufua kwa tanuru la nyuzi 500, je idara yenu inalo, na umeme hautakatika katikati? Silika ya salfoniki tanuru lenyewe linaiua, maana salfoniki yake ni ya kaboni, itaungua. Resini inafufuliwa kwa bika na asidi ya bei ndogo. Kwa mazingira yetu mi hiyo naihesabu kama pointi kubwa sana kwa polima, hata kama kwenye vitabu zeolaiti ndo inasifiwa kudumu.

Sasa biodizeli, maana najua wengi mmekuja kwa hilo na alizeti ya Singida na Kibaigwa iko jirani. Kama mafuta ni mapya, safi, asidi huru (asidi za mafuta zilizojitenga) haifiki asilimia 1, acha resini. Kostiki inashinda na haina mpinzani: asilimia 1 hivi ya uzito wa mafuta, nyuzi 60, methanoli moli 6 kwa moli 1 ya mafuta, yaani kama gramu 220 kwa kilo, ndani ya saa 1 kazi imeisha. Asidi yoyote, ya chupa au ya kwenye plastiki, itahangaika kwenye mafuta yenyewe kwa joto hilo. Resini za besi nazo zinajaribiwa, ila asidi huru kidogo tu inazikaba. (Methanoli ni sumu na moto wake hauonekani vizuri mchana, fanyia kazi penye hewa. Huku juu, mita elfu moja na mia na kitu kutoka usawa wa bahari, inachemka chini kidogo ya zile nyuzi 64.7 za kitabuni, usishangae.)

Mafuta ya chipsi yaliyotumika ni kesi nyingine. Humo asidi huru zimepanda, ukitia kostiki unapata sabuni, tabaka hazitengani, unabaki unaangalia uji mzito. Hapo unahitaji hatua ya kwanza ya asidi kugeuza asidi huru kuwa esta, ndipo kostiki ifuate. Salfuriki ya chupa itafanya kwa bei rahisi sana, ila lazima uizimue baadaye, inakula chuma, na kuiosha inataka maji mengi, na maji huku tunayajua. Resini ya vitundu vikubwa inafanya kazi hiyohiyo kwa nyuzi 60, unachuja, hamna cha kuzimua. Chukua mfano wa gramu 100 za mafuta yenye namba ya asidi 10 (kila gramu inazimuliwa na miligramu 10 za KOH), hiyo ni milimoli 18 hivi za asidi huru, gramu 5 za resini zina milimoli 23 za sehemu za kazi, inatosha kabisa. Ila maji yanayozaliwa kwenye riaksheni yanang'ang'ania salfoniki na kuipunguza kasi, kwa hiyo methanoli iwe ya kuzidi, na mara nyingi inabidi umwage tabaka la methanoli yenye maji urudie na mpya.

Na mafuta ya chipsi yana chumvi! Sodiamu ya chumvi inakaa mahali pa haidrojeni kama kalsiamu ya bomba. Chuja, osha mafuta kwa maji ya moto yaliyokenekwa, yakaushe, ndipo yaguse resini. Mafuta ghafi ya kukamua, yale mazito yenye utelezi, yana fosfolipidi zinazopaka punje na kuziba, yaondolewe utelezi kwanza. Mtu akiruka hatua hizi atasema resini ilifanya kazi mara ya kwanza tu, na atakuwa anasema kweli.

Kuhusu kukoroga: ile sumaku ya kukorogea inasaga punje chini ya flaski, unabaki na vumbi linalopita kwenye karatasi ya chujio. Tumia mkorogo wa kutoka juu, au mashine ya kutikisa, au vizuri zaidi zipange kwenye kolamu upitishe mchanganyiko. Na jeli usiitoe kwenye kavu kwenda kwenye majimaji ghafla mara kwa mara, inapasuka kwa kuvimba na kusinyaa. Silika na alumina nazo zinasagika, ila hazipasuki kwa sababu hiyo.

Kuna Nafion pia, iliyobuniwa na DuPont, polima yenye florini kila mahali. Nguvu ya asidi yake inakaribia salfuriki ya asilimia 100 na inavumilia joto kuzidi polistairini, karibu nyuzi 200. Lakini sehemu za asidi ni milimoli 0.9 hivi tu kwa gramu, eneo la uso ni kama hamna, ndiyo maana wakaja kuichanganya na silika ili ifunguke, na bei ni ya kukimbia. Kwa projekti ya shahada ya kwanza iache.

Kwa wenye metali, paladiamu na jamaa zake, ulinganisho unahama kidogo. Paladiamu kwenye makaa ni rahisi, inapatikana, inafanya haidrojenesheni vizuri, na ikichoka makaa yanachomwa metali inabaki. Polima inakupa kitu kimoja ambacho makaa hayatoi, nacho ni kuchagua mkono gani unaishika metali: fosfini, piridini, imidazoli, unauweka kwenye mnyororo mwenyewe na unajua idadi yake. Ukitaka kudhibiti kinachotokea kwenye metali, polima. Ukitaka tu haidrojeni iingie, makaa, usijisumbue.

Lakini metali inavuja, kwenye polima na kwenye mawe, na hapo ndipo ripoti nyingi zinadanganya bila kukusudia. Mtu anachuja mwishoni, anaona punje bado nyeusi, anaandika "kichocheo hakikuvuja". Jaribio lenyewe ni hili: riaksheni ikifika nusu chuja ikiwa bado ya moto, maana ikipoa metali iliyotoka inarudi juu ya punje. Kimiminika kilichochujwa kiendelee kupashwa peke yake. Kikiendelea kutoa bidhaa, basi kilichokuwa kinafanya kazi kiko kwenye kimiminika na polima yako ilikuwa ghala tu. Yeyote atakayekuuzia paladiamu juu ya polima bila kukuonyesha jaribio hilo, mbane.

Zipo polima zinazoyeyuka kama PEG (polietilini glaikoli), unafanya kazi kila kitu kikiwa kimeyeyuka halafu mwishoni unaidondosha kwa etha. Ni nzuri kwenye karatasi, ila mnyororo wa uzito 5000 wenye kichocheo upande mmoja unabeba milimoli 0.2 tu kwa gramu, na etha yenyewe inachemka nyuzi 34.6 usawa wa bahari, huku juu chini ya hapo. Ukiifungua mchana wa Novemba Dodoma nusu ya hela yako inapanda hewani, achilia mbali moto.

Mwisho, kwa wanaoniuliza kila mara kuhusu vile vyombo vyeupe vya foam vya chipsi, kwamba ni polistairini kwa hiyo tuvitie salfuriki tupate resini ya bure. Wazo zuri ila zile hazijafungwa na divinilibenzini. Ukiitia salfoniki ya kutosha kuwa kichocheo kizuri inayeyuka kwenye maji, unapata gundi ya asidi ambayo huwezi kuichuja. Ukiitia kidogo haiyeyuki ila na kazi haifanyi sana. Anayetaka kweli kuitumia foam atafute kwanza namna ya kuifunga minyororo yake, hiyo peke yake ni projekti nzima, na ningependa kumwona mtu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) akiichukua.